Moli Moja ya Chumvi

Binti yangu amenimiminia chumvi kiganjani nikadirie ya kutia kwenye mboga, na kiganja kimelowa jasho papo hapo.

Nilikuwa kidato cha tatu, kwenye maabara iliyotazamana na mashamba ya mahindi ya Nangara. Mwalimu wa kemia alipima chumvi kwenye mizani, gramu hamsini na nane na nusu, akanimwagia yote mkononi. Fimbo alikuwa ameibana kwapani.

"Hiyo ni moli ngapi?"

Hesabu niliijua. Sodiamu ishirini na tatu, klorini thelathini na tano na nusu. Ukijumlisha unapata uzito wa moli moja ya chumvi. Lakini jasho la woga lilikuwa linaiyeyusha, inachuruzika vidoleni, na niliamini kabisa kwamba ataipima tena.

"Moja kasoro, mwalimu."

"Kasoro nini?"

"Iliyoyeyuka."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliichomoa fimbo kwapani, taratibu.

"Mwaga hiyo chumvi," akasema. "Usijifute. Nyoosha mkono huo huo."

"Mama, inatosha?" anauliza binti yangu.

Namwambia alete kijiko.