Chapati za Mabao Kumi na Moja

Apollo Lubega anaendesha basi huko Fittja, kitongoji cha Stockholm, Sweden, na abiria wake wanajua kwamba hamsubiri mtu. Alitoka Uganda akiwa kijana mkimbizi, na tangu aanze kazi Stockholm hajachelewa zamu hata moja. Kila kitu chake kina ratiba, isipokuwa ulimi.

Ulimi ulimponza Ijumaa moja, wachezaji wenza wa binti yake Daphne walipopita nyumbani kwake, mtaa wa Alby, kunywa chai. Timu yao ya mpira ya chuo ilikuwa imepata bao moja tu msimu mzima, na hilo lilifungwa na beki wa wapinzani kwa bahati mbaya. Apollo, shabiki wao pekee asiyekosa mechi, aliwaonea huruma. Akasimama.

"Kesho, kila bao mtakalofunga, kila mmoja wenu atakula chapati moja. Nitazisukuma kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Mkono upi?" akauliza mkewe, Cissy, ambaye hajawahi kumwona akigusa unga.

Jumamosi, bao la kwanza lilipoingia, Apollo alimkumbatia rafiki yake Khamis, mtu wa Tanga anayefanya usafi hospitalini, hadi kofia ya Khamis ikaanguka kwenye matope. La pili akapiga makofi. La tatu akakaa.

"Wachezaji ni kumi na watano," alisema Khamis akipangusa kofia. "Hizo arobaini na tano, ndugu yangu."

"Nyamaza, tuangalie mpira."

Ligi hiyo ya wanafunzi ina huruma zake: timu ikiachwa kwa mabao manne, inaruhusiwa kuongeza mchezaji. Wageni walipoongeza wao, aliyeshangilia kuliko kocha wao alikuwa Apollo. Haikusaidia. Golikipa wa wageni, msichana mrefu aitwaye Yara, alikuwa akiukwepa mpira kama anayeogopa kuulizwa swali darasani. Kufikia bao la saba Apollo alikuwa amehamia nyuma ya goli lake.

"Kulia, mwanangu! Kulia! Usiniangalie mimi, angalia mpira!"

"Pappa, sluta!" Daphne alimpigia kelele anyamaze. Kisha akafunga la nane, akakimbilia kibendera cha kona, akapiga magoti na kusukuma chapati hewani. Wenzake wakajipanga nyuma yake, mmoja akikanda, mwingine akigeuza, wa mwisho akipuliza vidole vilivyoungua.

Mechi iliisha kumi na moja kwa bila.

"Mia moja sitini na tano," alisema Khamis. "Hongera kwa ushindi."

Njiani kurudi nyumbani, Apollo alitafakari. Ushindi wa bao moja ungemtosha kabisa. Ushindi wa mabao mawili ungempa la kuwaringia madereva wenzake wiki nzima. Mtu anahitaji nini zaidi ya hapo? Lakini neno lilikuwa limetoka mbele ya wasichana kumi na watano, na mzazi anayekula maneno yake huko Alby hulipwa kwa kuchekwa hadi kwenye treni.

Jumapili baada ya kanisa akafunga aproni. Chapati ya kwanza ilitoka na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana. Ya nne ilikiamsha king'ora cha moshi. Ndipo akapata akili, akaanza kuzisukuma ndogo ndogo, upana wa kifuniko cha chupa.

Cissy alikuja kuangalia. "Hizi ni nini?"

"Chapati."

"Hizi ni vifungo vya koti. Uliahidi chapati, baba Daphne. Anza upya."

Akaanza upya. Timu ilipofika ilimkuta mweupe hadi kwenye nyusi, akisukuma huku akihema, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia, kwa kuwa alikuwa ameshasema ni mkono wake mwenyewe. Walikaa sakafuni, wakala kila moja ilipotoka kwenye kikaango, zile za ramani na zile zilizoungua, hadi wasichana wenyewe wakaomba mechi iishe.

"Zimebaki sitini," alisema Apollo, akiwa amesimama wima kama askari. "Mtabeba."

"Baba Daphne," alisema nahodha, akishika tumbo, "wiki ijayo tunacheza na vinara wa ligi. Hao hatuwawezi."

Apollo aliwatazama. Uso ukaanza kumlainika. Akaweka kikaango chini, akanyoosha kidole juu, akafungua kinywa.

Cissy akamtia chapati mdomoni.