Siku Mgonjwa Aliponiitikia Marahaba

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha utafiti nilifika na viti viwili vya magurudumu, nikavipanga mlangoni, nikasimama katikati yake kama askari wa gwaride. Jana yake Nesi Achieng, Mkenya mwenzangu wa Siaya, alinieleza kwa haraka kwamba kesho tunaanza utafiti wa upofu wa pande mbili. Mimi nikaelewa wanakuja vipofu wawili. Nani asingeelewa hivyo?

Sista Mkuu, mama wa Kifilipino, mfupi na mkali kama pilipili mbuzi, akaja akavitazama vile viti.

"Haji, unamsubiri nani?"

"Vipofu, Sista."

"Vipofu gani?"

"Wale wawili wa utafiti."

Alikwenda kumwita Daktari Mkuu wa Utafiti ili naye asikie kwa masikio yake. Daktari, Mjordani mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alinieleza polepole. Mgonjwa hajui kama anatiwa dawa mpya au maji ya chumvi matupu, na daktari naye hajui. Anayejua ni mfamasia peke yake, na hasemi. Hivyo hakuna anayejidanganya kwamba dawa yake inaponya.

"Basi vipofu ni nyinyi," nikamwambia.

Akacheka mpaka ile miwani ya kichwani ikaanguka. Kazi nikathibitishiwa hapo hapo, na nikaifanya miaka tisa.

Niseme wazi ili msije mkanitafutia shahada. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Natoka Likoni. Doha nilikuja kupiga deki, nikapandishwa kuwa msukuma vitanda, halafu ndiyo nikachukuliwa na watu wa utafiti. Waarabu waliniita Haji na Makka sijafika. Wahindi waliniita Chacha, yaani baba mdogo. Jina langu la kweli lilijulikana na kadi ya mlangoni tu. Hospitali siitaji, maana walioko bado wanafanya kazi.

Ugonjwa tuliokuwa tukiuchunguza unaitwa sepsisi. Vijana wa siku hizi mtausoma kwenye simu, lakini mimi nitawaeleza kama nilivyoelezwa na Achieng. Vijidudu vinaingia mwilini, pengine kwa kidonda kidogo tu, mwili unavipiga, unavipiga, halafu unapandwa na hasira hadi unaanza kujipiga wenyewe. Figo zinachoka, presha inaanguka, na mtu aliyekunywa chai asubuhi hana fahamu adhuhuri. Ukiwahiwa unapona. Ukicheleweshwa, basi.

Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa kuwahi. Damu ya kuoteshea vijidudu inakwenda katika chupa mbili, na lazima itolewe kabla dawa haijaingia. Damu ya lakteti, ile tindikali inayojaa mwilini nyama zikikosa hewa, inakwenda juu ya barafu, na anayeipeleka hasimami kusalimiana na mtu. Mimi nilikuwa na njia yangu ya jikoni inayokwepa lifti. Hakuna msomi aliyeijua.

Mwaka wa saba wakaleta kompyuta ya kubashiri. Kila saa inalishwa joto la mgonjwa, mapigo ya moyo, pumzi, presha, na swali moja la akili: amechanganyikiwa au hajachanganyikiwa? Kisha inatoa rangi. Kijani, mwache. Njano, mwangalie. Nyekundu, kimbia. Daktari aliipenda kama mtoto wake wa kwanza.

Ndipo akalazwa Mbwana.

Mbwana alikuwa dereva wa basi, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, Mdigo wa Msambweni, aliyepanga nyumba mtaa wa Al Thumama na wenzake watano. Aliumia mguu kwa ubao wenye msumari, akapuuza, mguu ukavimba kama mhogo. Akatia saini ya ridhaa, akaingia kwenye utafiti. Kila asubuhi nikifungua pazia lake, kabla sijakohoa:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Siku moja nilimkuta ana mkate mdomoni. Akatafuna, akameza, akafuta mdomo, ndipo akaniamkia. Nikajisemea, huyu amelelewa.

Asubuhi ya tano nikaenda na kitanda kumpeleka kupigwa picha ya mguu. Nikafungua pazia. Kimya. Nikasema mimi mwenyewe, "Hujambo, Mbwana?"

Akanitazama usoni, akasema, "Marahaba."

Nikadhani sikusikia. "Unasemaje?"

"Marahaba, marahaba. Karibu ukae."

Jamani! Mimi, ninayelingana na baba yake, niitikiwe marahaba na mtu wa Msambweni! Tena sikumwamkia! Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Nani kakuamkia wewe? Mguu ndio umevimba au ni kichwa?" Nikageuza kitanda nikatoka nacho kitupu. Nilisusa. Sioni haya kusema, nilisusa kama mke aliyenyimwa kanga ya sikukuu.

Nilifika mpaka mlango wa lifti. Lifti ikaja, ikaondoka. Nikawa naukumbuka ule mkate. Mtu anayemeza kwanza ndipo akuamkie, hawi mtovu wa adabu kwa usiku mmoja. Adabu ya aina ile haitoki mtu akiwa na akili zake.

Nikaacha kitanda pale pale, nikarudi mbio.

"Achieng! Mbwana akili imeruka."

Achieng akatazama kompyuta. "Mzee, yuko kijani. Na nimemuuliza maswali saa hii: jina, mahali, mwezi. Amejibu yote."

"Kwa Kiingereza?"

"Eeh."

"Yale yale ya kila siku? Huyo ni dereva, ameyakariri kama vituo vya basi! Mimi ameniitikia marahaba bila kuamkiwa."

"Sasa mzee, si ni salamu tu? Kwetu tungesema amekuchangamkia."

"Kwenu!" nikasema. Na sikuongeza, maana muda haukuwepo.

Hapa mjue kitu kimoja. Nilikuwa na barua ya onyo tayari. Mudiri, yaani meneja wa wasukuma vitanda, alishanikaripia mbele ya watu: "Wewe magurudumu, wagonjwa waachie wenyewe." Barua ya pili ilimaanisha tiketi ya kurudi nyumbani. Lakini yule alikuwa mtoto wa mtu, na mamake hakumlea vile aje afe kijani. Nikaenda nikamshika Daktari mkono wa koti katikati ya raundi yake.

"Daktari, Mbwana anakufa."

"Haji, kompyuta inasema hana neno."

"Kompyuta haikulelewa Kwale."

Nikamweleza. Kwetu mdogo husema shikamoo, mkubwa huitikia marahaba. Mdogo akigeuza, ama anakutukana ama hajui tena yeye ni nani. Na yule hawezi kunitukana. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akavaa ile nyingine.

"Sista," akasema, "hesabu pumzi zake. Dakika nzima, kwa saa ya mkono."

Sista Mkuu akaweka kiganja kifuani kwa Mbwana, akahesabu. Nikaona midomo yake inakwenda, inakwenda, haisimami. Ishirini na nane. Kwenye kompyuta ilikuwa imeandikwa kumi na nane, saa baada ya saa, maana pumzi ndiyo kitu pekee ambacho manesi wa dunia nzima hukisia kwa jicho. Mikono ya Mbwana ilikuwa baridi kama bamia la juzi. Sista akageuka akawatazama manesi wake wote, na sitaandika alichosema, kwanza kwa kuwa kilikuwa Kitagalogi, lugha ya kwao.

"Yalla, Haji! Barafu!" Daktari akanihimiza.

Nilipita jikoni. Wapishi waliniona kama upepo. Kipimo kikaonyesha lakteti imepanda, chupa mbili zikajazwa, dawa ikaingia, maji yakaingia, na kabla ya adhuhuri Mbwana alikuwa katika chumba cha mahututi. Ile kompyuta ikaja kuwa nyekundu saa tatu baadaye, ikilia kama mbuzi, na kitanda kikiwa kitupu.

Siku nne hatukujua. Nilikuwa napita kwenye kioo chake kila asubuhi. Ya tano akafumbua macho.

Daktari sasa akashikwa na wazimu wa kitaaluma. Akaamuru kila mgonjwa anayesema Kiswahili apimwe akili kwa shikamoo. Manesi wa Manila wakajifunza. Mgonjwa wao wa kwanza, mlinzi mmoja wa Nakuru, akaambiwa "Shikamoo," akajibu "Poa." Wakambandika amechanganyikiwa, wakaniita mimi nikimbie na barafu.

"Daktari," nikasema, "huyo mzima. Bara ndivyo walivyo."

Achieng hakuongea nami wiki nzima.

Mwishowe wakaliandika vizuri: aulizwe anayemjua mgonjwa, je, leo yuko kama jana? Swali hilo lipo kwenye fomu hadi leo, na fomu haisemi limetoka wapi. Mimi najua. Barua ya pili ya Mudiri nayo ilikuja. Daktari aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu mtaa wa Abu Hamour nikisubiri safari ya kurudi Likoni. Watu huniuliza kama mashine zitachukua kazi. Zichukue. Zinahesabu kuliko mimi. Ila zihesabu kweli, na pembeni akae mtu anayekumbuka mgonjwa alikuwaje jana.

Mbwana alipohamishiwa wodi ya kawaida nilimsimulia yote. Uso ulimbadilika kuliko siku ya homa.

"Mimi? Nimekuitikia wewe marahaba?"

"Mara tatu. Tena ukanikaribisha nikae."

Akajifunika shuka mpaka kichwani. "Mzee, nakuomba. Nyumbani wasijue. Mama akisikia hayo, hataniuliza hata kama nilipona."

Nikamwahidi, na leo nimevunja ahadi. Basi mama Mbwana, huko Msambweni, usimgombeze. Angekuwa hana adabu tangu siku ya kwanza, tungemzika.