Madirisha ya Mkono Mmoja

Nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akasoma habari hii akidhani mambo yalikwenda vizuri kwa sababu ya upole wangu. Nina stesheneri ndogo hapa Susuni: nachapa barua, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na umeme ukikatika katikati ya kazi majirani wote wanajua, maana nasikika mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Aliye mpole ni kaka yangu. Ni mwalimu wa Baiolojia, alikuwa anafundisha sekondari upande wa Issenye, kule Serengeti. Mwaka juzi bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye kokoto, akaangukia bega la kulia. Mfupa ulipona, mishipa ya fahamu haikupona, mkono ukabaki unaning'inia tu. Akarudi kwa mama. Akajifunza kula kwa kushoto, kunyoa kwa kushoto, hata kukamua ng'ombe kwa kushoto, lakini kuandika ubaoni kukamshinda. Maandishi yake yalikuwa kama kuku amepita kwenye unga. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, akicheka, halafu jioni nikamkuta nyuma ya zizi analia.

Mkuu wake wa shule ni muungwana. Alimwambia: kama unaweza kufundisha kwa kompyuta na projekta, peke yako, bila mtu wa kukushikia hiki na kile, njoo muhula ukifunguliwa nikupe kipindi kimoja tukuone. Ikishindikana, tutakutafutia kazi ya ofisini.

"Ofisini nikafanye nini?" kaka aliniuliza. "Kupiga mihuri? Mimi sikusomea mihuri."

Alitaka darasa. Hakutaka kitu kingine duniani, na mimi nilimtakia hilo darasa kuliko nilivyojitakia chochote.

Laptopu tuliipata kwa binamu yetu wa upande wa Kenya, ng'ambo tu ya Sirari. "Hii mashini iko tu sawa," alisema, "shida yake ni uzee." Kwa uzee huo nikaiwekea programu huria, zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia, bure, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua aone zilivyoandikwa. Mojawapo kazi yake ni kupanga madirisha. Ukifungua maelezo hapa na picha pale, hiyo ndiyo inayoamua lipi likae mbele, lipi nyuma, lipi lijaze kioo chote.

Niliichagua hiyo kwa sababu moja tu. Kompyuta nyingi zinataka ushike vitufe viwili vitatu kwa mpigo, navyo vimekaa mbalimbali. Mtu wa mkono mmoja atafanyaje? Ipo njia ya kuiambia kompyuta ikushikilie kitufe. Tuliijaribu, ikasahau kuachia, kaka akaandika ukurasa mzima wa herufi kubwa kama mtu anayefoka. Lakini hii programu ya madirisha ilikubali vitufe vya kufuatana: bonyeza kimoja, achia, peleka kidole taratibu, bonyeza cha pili. Basi, picha ya moyo imekuja mbele. Bonyeza, achia, bonyeza: maelezo yamekuja. Haukupita muda kaka akawa anaruka kutoka dirisha hadi dirisha mpaka wateja wangu wanasahau walichofuata.

"Mkono mmoja haulei mwana," aliwaambia, "lakini madirisha unayalea."

Tukaazima projekta ya kanisani tujaribu. Ukutani giza tupu. Toleo letu la ile programu lilikuwa la zamani, halikujua kupeleka picha kwenye kioo cha pili. Nikanunua bando, nikashusha toleo jipya. Ukuta ukawaka, mama akapiga kigelegele. Kaka akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Kimya. Akarudia. Kimya. Toleo la zamani lilimjua yeye, halikuijua projekta. Toleo jipya liliijua projekta, halikumjua yeye. Na shule zilikuwa zimebakiza majuma machache kufunguliwa.

"Tuwaandikie wenyewe," kaka alisema.

Programu ile ina uwanja wake mtandaoni ambapo mwenye tatizo analiandika na mafundi wanaliona. Kaka aliandika kwa Kiingereza cha mwalimu na kwa adabu ya nyumbani. Kwetu mtu mwenye shida haingii na shida mdomoni. Anakaa, anajulia hali, anasema ni mtoto wa nani, anauliza mvua, anauliza mifugo, na mwenyeji akisema "haya, lete neno," ndipo analileta. Kaka akawasalimu wazee wote wa programu pamoja na familia zao. Akaeleza ukoo wetu. Akawaambia mvua zilichelewa lakini ulezi umeota, akauliza kama kwao ng'ombe wako salama. Shida yenyewe akaiweka mstari wa mwisho, tena kwa kuizungukia, asije akaonekana ana pupa. Mimi nilisoma nikaona barua imekamilika. Sikuona kasoro hata moja.

Kesho yake jibu likaja: "Haieleweki tatizo ni nini. Imefungwa." Hata salamu hakuna.

Jamani! Nilichemka. Nilivuta kibodi nikaanza kuwaandikia hawa watu wamelelewa na nani, na kama huko kwao mgeni akibisha hodi wanamfungia mlango usoni. Kaka aliniacha nimalize. Halafu akanyoosha kidole chake kimoja, akafuta yote, herufi moja moja, taratibu, huku ananitazama.

"Hasira hasara," akasema.

"Hasara ni kukaa na wewe," nikamjibu, nikatoka nje nikaenda kugombana na kuku.

Juma lile lile mama aliita risaga. Risaga ni kazi yetu ya kusaidiana: majirani wanakuja na majembe yao, wanapalilia shamba lako, unawapikia, na wao wakiita, nawe unakwenda. Tulikuwa katikati ya ulezi, migongo imepinda, akatokea shemeji yetu mmoja kutoka Gorong'a aliyekuja kumsalimia mama, shati jeupe limenyooshwa. Akasimama pembezoni, mikono mfukoni, akaanza: "Hapa mmeruka magugu. Na mstari huu umepinda." Mama mmoja jirani akaacha mstari wake, akamfuata, akamwekea jembe mkononi. "Karibu, baba. Anzia hapo hapo ulipopaona."

Shamba zima likalipuka kwa vicheko. Shemeji alilima na shati lake jeupe mpaka mchana, na mtu yeyote akiinua kichwa kumtazama, vigelegele. Kaka, ambaye alikuwa anapitisha uji wa ulezi kwa jagi, alicheka mpaka ukamwagika. Halafu ghafla akaacha kucheka. Akaja mstarini kwangu.

"Mdogo wangu," akasema, "yule shemeji ni sisi."

"Sisi tumefanya nini?"

"Wale watu wanalima bure. Sisi tumesimama pembezoni, tumewaeleza habari za ukoo, halafu tumenuna."

Nilitaka kubisha, kubisha ni kipaji changu. Safari hii niliinama nikaendelea kupalilia.

Jioni ile tulisoma orodha ya mabadiliko waliyoyafanya kwenye toleo jipya. Walikuwa wanaihamisha programu yote kutoka kwenye namna ya zamani ya kuchora vitu kwenye kioo kwenda namna mpya, na ni kama mtu anayehama mji: vingine unabeba, vingine unaacha. Tukakuta mstari wetu. Vitufe vya kufuatana vimeondolewa, fundi aliandika, ni vigumu kuvihamisha na hakuna anayevitumia.

Hapo sikukasirika. Iliniuma. Kaka alikuwa amekaa pembeni yangu, kidole chake kimoja juu ya meza, anasoma kwamba hayupo.

Nikamwambia afungue toleo la zamani. Nikachukua simu, nikaupiga video ule mkono: unabonyeza, unaachia, unasafiri, unabonyeza, moyo unakuja, mapafu yanakuja, figo zinakuja. Mkono wa kulia unaonekana kando, umelala tu. Tukaituma pale uwanjani na maneno machache: habari zenu, vitufe hivi yupo anayevitumia, ni mwalimu, na bila hivyo hawezi kurudi darasani. Na tuko tayari kusaidia kazi.

Asubuhi tukakuta jibu la fundi yule yule aliyeviondoa. Aliomba radhi. Alisema hakujua, alidhani ni mchezo tu wa watu wanaopenda vitufe. Anaweza kuvirudisha, ila hana mashine ya zamani kama yetu, wala projekta ya aina ile. Je, tutamjaribia?

"Tumepewa jembe," kaka akasema, na nilimwona akitabasamu kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau.

Basi tukalima. Fundi anatuma toleo la majaribio, mimi nashusha, kaka anajaribu. Mara ya kwanza kioo kiliganda kabisa. Iliyofuata vitufe vikakubali, lakini ukichomeka projekta vinasahau kila kitu. Umeme unakatika, bando linaisha, mimi natukana, kaka anaandika majibu. Alikuwa mkali! Alimsahihisha yule bwana kama mwanafunzi wa kidato cha pili: hapa umepata, hapa hukusoma swali, rudia. Na yule bwana, loo, alirudia bila kununa.

Ikabaki tatizo moja. Baada ya kitufe cha kwanza, programu ilisubiri kidogo mno. Kidole cha kaka kikiwa bado njiani inaona amekata tamaa, inaghairi. Nikafungua ndani ilivyoandikwa. Nilisumbuka nayo siku kadhaa, maana shule ya mambo hayo mimi sijaiona, nimejifunza kwa kuharibu. Nikapata pale inapohesabu muda, nikaibadilisha ili mtu ajiwekee mwenyewe ingoje kiasi gani. Nikaituma. Fundi mwingine akairudisha, eti mistari sijaipanga wanavyoipanga wao. Nikavuta pumzi. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi nikaipanga wanavyotaka. Ikapokelewa. Kazi yangu imo humo mpaka leo, na programu bado inabadilika. Kila toleo likikaribia kutoka wanatuandikia tuwajaribie, na siku hizi sisi ndio tunaoulizwa kama kuna kitu kimeachwa nyuma. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na sasa najua vinaundwa na watu wanaochoka na kununa kama mimi.

Lakini siku tuliyokwenda Issenye toleo lenye vitufe vyetu halikuwa limetangazwa bado. Tulikwenda na lile la majaribio.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Mkuu wa shule alinikaribisha kiti nyuma, akakaa pembeni yangu. Kaka akasimama mbele, laptopu mezani, mkono wa kulia ameutia mfukoni. Akabonyeza, akaachia, akabonyeza, na moyo ukatokea ukutani. Akaanza kufundisha. Ile sauti! Nilikuwa sijaisikia tangu ajali, sauti ya mtu anayejua anakokwenda na anataka mfike wote. Akaleta picha ya vali, akaleta mchoro wa mishipa, akarudi kwenye moyo, na wanafunzi wanaandika.

Katikati ya somo umeme ukayumba. Projekta ikazima. Ilipowaka tena, ukuta ulikuwa mweupe, hakuna kitu.

Nilishasimama. Mkuu akanishika kiwiko. "Mwache," akaninong'oneza.

Kaka hakunitazama. Alikuwa anaendelea kueleza jinsi damu inavyotoka mapafuni, sauti ile ile. Kidole chake kikabonyeza, kikaachia, kikavuka kibodi bila haraka. Programu ikamsubiri. Akabonyeza. Moyo ukarudi ukutani, mkubwa kuliko mlango, na yeye akainyooshea kidole njia ya damu kama kwamba haukuwahi kuondoka.

Kengele ilipolia, wanafunzi hawakutoka. Walimzunguka mezani, wanasukumana, wanauliza wote kwa mpigo. Mkuu akaniinamia. "Mwambie kaka yako apite ofisini," akasema. "Achukue ratiba."

Nilimsubiri kwenye korido. Alitoka amechelewa, uso wake sikuweza kuuelewa, nikaogopa. Nikamwambia habari ya ratiba. Akaitikia kwa kichwa, lakini akili yake haikuwa hapo.

Tangu aanguke, kila mtu aliyemsalimia alianza na mkono. Kanisani, mnadani, hata msibani: unaendeleaje, unauma, madaktari wanasemaje, utarudi? Watu wazuri, wenye upendo, na kila mara niliona jinsi anavyopungua.

"Wameniuliza kwa nini moyo hauchoki," akaniambia. "Wameniuliza kama wa ng'ombe unafanana na wa mtu. Mmoja ameniuliza mtoto aliye tumboni anaanza kuupata lini. Wote wale, hakuna hata mmoja aliyeniuliza mkono."

Nikalia pale pale, wanafunzi wakinipita na shikamoo zao.