Daktari alisema "ukoo wa TB", kijiji kikasikia ngoma

Salaam wakuu, na kina mama wenzangu mliomo humu. Haya yalinikuta mwilini mwangu, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Ni miaka ile biashara huria imeingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, wakulima wana hela. Mimi natoka Lundo, kijiji cha ziwani, nikawa napandisha samaki wakavu huko, usipa na perege. Wateja walinijua kwa jina.

Siku moja naparua samaki, mwiba wa perege ukanichoma kidole cha mkono wa kulia. Kwetu ni kitu cha kawaida.

Kikavimba, kikapasuka, halafu vinundu vikaanza kupanda mkono kwa mstari, kama shanga.

Maduka ya dawa yalikuwa yamechipuka kila kona, nikayazunguka. Vidonge vya rangi mbili, sindano za PPF, wapi. Vidole vikagoma kukunja, hata kisu nikashindwa kushika. Mjue mkono huo ndio uliokuwa unalisha wanangu.

Ndipo daktari mmoja akakata kipande kidogo cha nyama kwenye kidonda, akakipeleka kupimwa mbali. Majibu yalipokuja akaniambia, "Mama, huyu mdudu ni wa ukoo wa TB, ila anakaa majini na kwa samaki. Haambukizi mtu kwa mtu. Utameza dawa za TB miezi mingi, usikatishe."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye muuza samaki, ndiye alinisindikiza. Alichobeba pale ni neno TB tu. Na miaka ile ukitaja TB, watu wanasikia ngoma, yaani UKIMWI.

Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilishajua. Kanisani padri akisema tutakiane amani, watu wananipungia kwa mbali. Habari ikapanda hadi Mbinga, samaki wangu wakadoda. Wateja wakahamia kwa wifi.

Nilimeza dawa mpaka mwisho. Vidole vikakunja tena, ila biashara ilishakufa.

Baadaye wifi naye akachomwa mwiba. Vinundu vile vile. Akaja jikoni kwangu, mkono kaufunika kwa kitenge.

"Wifi, nisitiri. Watu wasijue."

Nikampeleka kwa daktari yule yule, akapewa dawa zile zile. Siri yake nikaitunza.

Amepona. Anawauzia wateja wangu mpaka leo, na hajawahi kumwambia hata mtu mmoja kwamba ule ugonjwa wangu hauambukizi.

Funzo: kidonda cha mwiba wa samaki kisichosikia dawa, dai kipimo, na dozi umalize. Majibu kayasikilize peke yako.

Changieni, hata mnaoona nilimsitiri bure. Mimi mwenyewe kuna siku naona hivyo.