Bi Eduviges Amkalisha Bwana wa Reli Ukutani

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Eduviges Barrientos nilitaka kununua nyumba yake kwa bei ya kutupa. Nilimkuta juu ya ngazi akisugua masizi ukutani.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma, Bi Eduviges."

"Muongo. Unanuka dizeli."

Hakukosea. Kampuni ya reli ilitaka ua wake wa nyuma ipanue njia ya malori ya makontena, na dalali nilikuwa mimi. Majirani zake wengi pale San Bernardino walishauza. Nikamwambia akichelewa bei itashuka. Akacheka. "Mie siuzi mpaka mnunuzi aumie kwanza."

Alivuka mpaka kutoka Zacatecas, Meksiko, akiwa msichana, akashona sare za wauguzi mpaka vidole vikapinda, na nyumba ile aliinunua na mumewe, Refugio. Nyuma ya ukuta wao palikuwa na kivuli, na hapo ndipo madereva wa treni walipokuja kupumzika. Vichwa vya treni viliachwa vikinguruma mchana kutwa bila kuvuta hata behewa. Kuviwasha upya kunachosha, na dizeli haikutoka mfukoni mwa mtu. Moshi uliruka ukuta. Refugio alikufa kwa mapafu, na sasa mwanawe Nazario alikuwa na kikohozi kilekile.

Siku ya mazishi Eduviges alimwendea msimamizi wa uwanja, Adalberto Quiroz, akamwomba azime vichwa mpaka watu wamalize kumuaga marehemu. Quiroz akamjibu mbele ya vijana wake, "Mama, treni si jiko la maharage." Vijana wakaangua kicheko. Eduviges akarudi nyumbani, akamzika mumewe.

Wakubwa walipombana Quiroz kuhusu ule ua, nilimpa shauri. Kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha Refugio ilikuwa imefika, na kwetu aliyesali na kula kwa wafiwa hanyimwi ombi. "Nenda usali, ule mchuzi wake wa mole, kisha uombe." Kabla hatujabisha hodi, mwaliko ulikuja wenyewe. Quiroz alifurahi. Mimi nilidhani mama amechoka.

Tulifika alasiri. Viti vilikuwa uani, na cha Quiroz kiliugusa ukuta. Mwongoza rozari alikuwa Bi Socorro, mama mzazi wa Quiroz. Eduviges alikuwa amemfuata mwenyewe mpaka parokia yake. Nyuma ya ukuta vichwa viwili vilinguruma, na upepo wa mlimani ukatumwagia moshi wote. Tendo la pili la rozari halijaisha, Quiroz alikuwa anakohoa. Akatoa simu.

"Rudisha hiyo mfukoni, Adalberto!" mama yake akafoka.

"Mama, nawaambia wazime tu..."

"Viache, mwanangu," Eduviges akasema, mpole kama maziwa. "Treni si jiko la maharage."

Bi Socorro akashusha rozari. "Maneno gani hayo?"

"Ya mwanao, shoga. Siku niliyomzika Refugio."

Mama mtu akamgeukia mwanawe. "Hakuna kusimama. Tunaanza upya, tendo la kwanza."

Tukaanza upya. Shati jeupe la Quiroz likawa la kijivu begani, machozi yakimtoka, na mole iliyofuata aliila na masizi yake, kwa kuwa mama yake alikuwa anamtazama.

Ndipo Eduviges akataja masharti. Anauza kipande cha ua, si nyumba. Kichwa cha treni kikisimama nyuma ya ukuta, kizimwe. Cha kupangia mabehewa upande ule kiwe cha betri. Wakivunja, ardhi inarudi kwake.

"Wakubwa hawatakubali," Quiroz akasema kwa sauti iliyokauka.

"Basi njoo tena kesho. Mama yako hajachoka kusali."

Wakubwa walikubali, kwa kuwa malori yalikuwa yamekwama. Quiroz alihamishiwa uwanja wa jangwani, na mama yake bado anamsalimia kwa mkato. Nilimwambia Eduviges kwamba vichwa vya zamani vimepelekwa hukohuko, nyuma ya nyumba za watu kama sisi. "Waambie wasiuze rahisi," akasema, akaendelea kukunja mashuka.

Nazario sasa hulala dirisha wazi. Daktari amesema pafu lililokwisha kuliwa halirudi. Nami nilipata udalali wa kipande cha ua. Ile nyumba imenipita.