Redio ya Kaka na Sikio Langu la Kushoto

Asalaam aleikum. Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na ndugu zangu wakijitambua humu shauri yao. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, nakaa Mpendae. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Kila siku nawasoma hapa mkilaumu simu, mara imeharibu watoto, mara imevunja ndoa. Mnanichekesha. Mimi yangu yaliharibika kwa redio, na wakati huo simu ya mkononi hakuna hata aliyeiota.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Tulikaa Malindi ya hapa mjini Unguja, mama, mimi na kaka yangu mkubwa. Baba alikwishafariki, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa walii wangu wa kuniozesha na ndiye mwenye kauli nyumbani. Alinunua redio kubwa ya betri, ya sanduku la mbao. Alasiri akiiweka dirishani ikielekea barazani, wanaume wa mtaa wanajaa kusikiliza, naye kichwa kinamvimba. Siku zile redio haizimwi ovyo, maana kila amri ilipita humo. Jina la mtu likitajwa, moyo unaruka kwanza, ndipo unauliza kuna nini.

Mimi nilikuwa kigoli wa miaka kumi na saba, nimeshaposwa na kijana wa Mkokotoni. Msichana aliyeposwa alikuwa anatawishwa ndani. Hatoki, haonekani, na hata jina lake wanaume hawalitaji barazani. Wakitaka kumuulizia husema tu, "Nyumbani hawajambo?" Basi mchumba wangu, kwa mapenzi yake na ujana wake, akatuma kadi kwenye kipindi cha salamu.

Nilikuwa napeta mchele na mama. Mtangazaji akasema, "Salamu hizi zimfikie mchumba wangu," akanitaja jina langu, la baba yangu na mtaa wetu. "Namwambia asichoke kunisubiri." Mama ungo ukamtoka mikononi. "Umefanya nini, mwanangu? Wanakuja kukuchukua?" Masikini, alidhani ni serikali. Mimi nilikuwa natabasamu. Sikuwahi kulisikia jina langu likitajwa kwa furaha namna ile.

Nje mtu mmoja akasema, "Yakhe, leo umetutangazia dada'ko mwenyewe, na kwa redio yako!" Baraza zima likaangua kicheko.

Kaka akaingia. Hakuuliza kitu. Alinizaba kofi nikaangukia mchele, akanipiga mateke ya mbavu, akanikokota kwa nywele mpaka chini ya dirisha ili wenziwe wasikie anavyonitia adabu. "Umenivua nguo mbele za watu! Nani kampa jina lako? Nani kampa mtaa?"

"Kaka, kaja hapa kuniposa, alijue jina la nani?"

Jibu hilo ndilo lililonimaliza. Aliinyanyua redio kwa mikono miwili akanipiga nayo sikio la kushoto. Mama akamrukia, "Muache! Utamuua mtoto, muache!" Akamsukuma, mama akajigonga kizingitini, jino likamtoka. Nikalala pale damu inanichuruzika shingoni, na redio sanduku limepasuka, ubavuni mwangu, inaendelea kusoma salamu za watu wengine. Barazani hakuinuka hata mmoja. Waliacha kucheka, huo ndio ukawa msaada wao.

Asubuhi kaka aliipeleka redio kwa fundi. Mimi sikupelekwa hospitali, kwa sababu msichana aliyeposwa hatoki.

Wiki ile ile mchumba wangu akaja kutoka Mkokotoni, hajui lolote. Nilimsikia mlangoni kwa sikio lililobaki. "Shikamoo shemeji. Mlisikia salamu zangu? Kadi nliituma tangu mfungo mosi, mara baada ya Idi!" Kaka na rafiki zake walimpiga kwa bakora kuanzia mlangoni hadi barabara kubwa, wakamvunja taya. Posa ikarudishwa. Sikumuona tena. Niliolewa na mwengine, mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini akiniita kutoka kushoto nilikuwa siitiki, akadhani nina kiburi. Sikumwambia kwa nini. Niliona haya.

Sasa sikilizeni kinachonikosesha usingizi. Kaka amezeeka, macho hayaoni, na wanawe hawakutaka kumlea. Nakaa naye mimi. Namtengea uji, namfungulia redio, kutwa anasikiliza. Juzi hapa barazani wenziwe wamemwambia kuwa mchumba wa mjukuu wake wa kike ametia picha ya binti mtandaoni, na chini yake maneno ya mapenzi. Kaka akawapigia simu wajukuu wake wa kiume, vijana wa miraba minne. "Mleteni kwangu Ijumaa, na simu yake. Na huyo bwana mtafuteni." Kumuogesha babu yao hawawezi, lakini kwenye kupiga wameitika wote.

Mtoto amenipigia analia. "Bibi, nimekosa nini mimi?"

Nikamfuata kaka. Nikamuuliza, "Kaka, unaikumbuka redio yako ya Malindi?" Uso ukamng'aa. "Ile? Ile ndo redio! Ilianguka siku moja ikapasuka, fundi akaitengeneza ikasema kama mpya." Alikuwa amekaa kushoto kwangu, ikabidi nigeuke ndipo nimsikie.

Nikimtoa, mji mzima utasema nimemtupa kipofu, damu yangu mwenyewe. Nikinyamaza, yatafanyika kwenye sakafu yangu, nami nitakuwa kama wale wa barazani. Kesho ni Ijumaa na nyumba ni yangu. Nambieni wanangu, mlango huu nimfungie nani?