Kitambaa Kwenye Bomba la Hewa

Leo nimemwita mzee wa watu mwizi mbele ya wateja wake.

Wiki iliyopita fundi wangu wa Engutoto aliishusha injini ya Haisi yangu kuukuu, ile ya kubebea viti vya harusi, akaiunda upya. Ilitoka inanguruma vizuri.

Tangu juzi nikikanyaga mafuta inasita. Kwenye kilima ndiyo inataka kuzima kabisa.

Asubuhi nikaingia gereji kwa mzee huyo nimefura. Hata shikamoo sikumpa.

"Umeniwekea vipuri vibovu, mwizi wewe!"

Akafuta mikono taratibu. "Mama Nuru, ngoja niifungue niangalie."

"Hugusi tena gari yangu!"

Nikaondoka nayo ikikwamakwama hadi kwa fundi mwingine, Lemara. Akachungulia bomba linalovuta hewa.

"Mama, hiki kitambaa kafunga nani?"

Jamani.

Nilikifunga mimi, juzi nikienda Terrat. Niliogopa vumbi litaharibu injini mpya!

Kilipotolewa tu, gari ikavuta.

Sasa nimekata jani la isale hapa uani. Mzee ni Mchaga mwenzangu, na isale ya kuomba msamaha haikataliwi. Atanisamehe.

Ila wale wateja walionisikia wameshatawanyika. Hao niwapelekee wapi isale yao?